Bendera kwenye begi sawa, kwenye koti hilo hapana

Msomaji wetu wa Kasulu ameandika:

"Shikamoo mama. Nauza spea za pikipiki hapa Kasulu. Mwezi ujao nasafiri nje ya nchi kwa mara ya kwanza. Naanza na Bujumbura, kwa boti ya bandari ya Kibirizi, Kigoma, kuonana na mteja wangu. Nikirudi napanda ndege Kigoma kwenda Dar, halafu Guangzhou na wenzangu watatu. Fundi amenishonea bendera ya Taifa kwenye begi la mgongoni na kwenye mkono wa koti. Rafiki yangu anasema mtu akiona bendera ya Tanzania hakugusi. Mjomba anasema ni kosa, nitakamatwa kabla hata sijapanda boti. Mimi nataka niivae kwa sababu moja tu: kila ninapokwenda naulizwa kama ni Mrundi, nimechoka. Picha nimeambatanisha. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Picha zako nimezikuza kwenye simu mpaka nikahesabu nyuzi. Begi liko vizuri, lina marekebisho madogo tu. Koti usilivae. Bujumbura usilivae, Guangzhou usilivae, na hapo sokoni Kasulu pia usilivae. Sababu ya koti nitaifikia, ila nataka uifikie ukiwa umeshaelewa mengine.

Nianze na mjomba, kwa kuwa ni mkubwa wetu. Sisi tuliokulia hapa Kigoma tulifundishwa bendera kwa miguu. Saa kumi na mbili jioni filimbi inalia kituoni, mwenye baiskeli anashuka, mwenye ndoo kichwani anasimama nayo hivyohivyo maji yakimchuruzika shingoni, mpaka bendera ifike chini na ikunjwe. Mtu wa malezi hayo akiiona imeshonwa kwenye begi litakalotupwa katikati ya madumu ya mawese, lazima moyo umruke. Namwelewa kabisa. Lakini kisheria hofu yake imezidi kipimo. Sheria ya Nembo za Taifa, Sura ya 10, inamwinda mtu anayefanya biashara kwa bendera au nembo bila kibali, na mtu anayezidharau. Msafiri mwenye kiraka kidogo, safi, kilichoshonwa kwa adabu kwenye begi lake mwenyewe, si huyo. Anayepaswa kuwa na wasiwasi kidogo ni fundi wako, iwapo amekwishapata wazo la kushona vipande mia avitundike dukani.

Kitu kimoja ambacho mjomba angekuwa na haki ya kukigombeza ni Ngao, ile yenye bwana na bibi na pembe za ndovu. Watu huichanganya na bendera, wakaibandika kwenye mikoba na kwenye kadi za biashara. Ngao ni alama ya Serikali ikizungumza. Wewe huizungumzii Serikali, unakwenda kununua bush na cheni. Tayari umeibeba kwenye jalada la pasipoti, inatosha.

Sasa begi. Bendera yetu ina mtego ambao bendera nyingi hazina. Ukiigeuza juu chini, ule mstari mweusi wa mshazari unabaki palepale: unaanzia kona ya chini kushoto, unapanda hadi kona ya juu kulia, kama vile hakuna kilichotokea. Kinachohama ni kijani na bluu tu. Ndiyo maana mafundi wengi hukosea na hakuna anayegundua, mpaka siku ukutane na askari wa kwetu mwenye jicho. Kwako begini iko sawa, kijani juu. Kwenye mkono wa koti bluu iko juu. Mtu wa Kigoma hana udhuru wa kukosea hili: panda Mlima wa Bangwe utazame chini. Majani yako juu, ziwa liko chini. Bendera ni hivyohivyo.

Na ukiigeuza, ughaibuni hutaonekana Mtanzania aliyekosea, utaonekana mtu wa nchi nyingine. Bendera ya Namibia ina bluu juu, kijani chini, na mstari wa mshazari unaopanda upande uleule. Mstari wao ni mwekundu na kuna jua kwenye kona, lakini afisa anayetazama mabegi mia nne kwa saa hapekui jua. Saint Kitts na Nevis, visiwa vidogo vya Karibi, wametukaribia zaidi: kijani juu, mweusi wenye kingo za njano umelala kama wetu, tofauti ni chini kwao pekundu na ndani ya weusi mna nyota mbili nyeupe. Kwa hiyo hizo kingo nyembamba za njano pande mbili za weusi usiruhusu fundi aziruke kwa kubania uzi. Bila njano hiyo huna bendera ya nchi yoyote.

Ukubwa: kiganja cha mtoto. Yako imejaza mgongo mzima wa begi. Ipunguze, na badala ya kuishona moja kwa moja mwambie fundi aweke ule mkanda wa kunatana, unaoachia kwa sauti ya kuchanika. Kuna mahali utataka bendera ionekane na mahali utataka ikae mfukoni, na hutakuwa na wembe wa kufumulia wala muda. Kwa miaka 23 nimekuwa nikitoa watu Kigoma, wafanyabiashara na mahujaji, na kama kuna ushauri mmoja ninaoulipia kwa makosa yangu mwenyewe ni huo: bendera ya msafiri iwe ya kubandua.

Rafiki yako anasema bendera inalinda. Hilo lina historia, tena limetokea hapahapa kwetu. Mwaka 1871 Stanley alipoingia Ujiji kumtafuta Livingstone, msafara wake ulitanguliwa na bendera ya Marekani. Livingstone mwenyewe aliandika kwenye shajara yake kwamba bendera hiyo ndiyo iliyomjulisha mgeni ni wa taifa gani. Sasa sikia. Mgeni huyo alikuwa mzaliwa wa Wales, jina lake la kuzaliwa John Rowlands, na uraia wa Marekani aliuchukua miaka mingi baadaye, 1885. Mzee wa watu alisoma bendera, akadhani amemsoma mtu. Ukipita Ujiji, pale kwenye makumbusho penye miembe, simama kidogo ulifikirie jambo hilo kabla ya kumwamini rafiki yako.

Mchezo huo unaendelea mpaka leo. Kanada walianza kutumia bendera yao ya jani jekundu mwaka 1965, na vijana wao wakazoea kuishona kwenye mabegi wakizunguka Ulaya. Haikuchukua muda Wamarekani waliochoka kugombezwa kwa sababu ya vita vya Vietnam wakaanza kushona jani hilohilo. Leo ukiona jani kwenye begi, huwezi kuapa aliyelibeba katoka wapi. Bendera inauzwa kwa bei ya soda. Mwizi anaweza kuinunua, na anayekuhoji mpakani anajua kwamba inaweza kununuliwa.

Hapo ndipo lilipo jibu la lile lililokuuma. Nimelisoma mara mbili, nikajua ndilo swali lenyewe, hayo mengine ulikuwa unalizungushia uzi. Wewe ni Muha. Kiha na Kirundi ni ndugu wa kufuatana ziwa, mtu wa Manyovu na mtu wa ng'ambo ya mpaka wanasikilizana bila mkalimani. Tangu wakimbizi wa Burundi wa 1972, mpaka wale wa kambi za Nyarugusu na Nduta, kila Muha anayepanda basi kutoka kwetu amewahi kuteremshwa kizuizini aulizwe babu yake alizikwa wapi. Mimi nimeulizwa nikiwa na mvi. Nimeulizwa nikiwa na mtoto mgongoni. Inachosha, sikatai, na ingekuwa bendera inaponya hilo ningekuwa nimejishonea shuka zima.

Lakini anayekutilia shaka wewe, ataitilia shaka na bendera yako. Tena nimewaona maofisa ambao kiraka kikubwa ndicho kinachowaamsha: huyu anahangaika kuthibitisha nini? Kinachomaliza maswali ni pasipoti, kitambulisho cha NIDA, na jibu fupi lisilo na hasira. Weka vyote viwili mahali ambapo mkono unafika bila kuvua begi. Guangzhou hilo ni sharti, mgeni anatakiwa kutembea na pasipoti yake, na kwa eneo kama Xiaobei ambako Waafrika wengi hufanya biashara, kuombwa uionyeshe ni jambo la kawaida. Polisi wa kule hatasoma kiraka.

Na upande wa Bujumbura, fikiria inavyoonekana kwa aliyekupokea. Unashuka botini na bendera imejaa mgongo, nia yako ikiwa ni kuwaambia "mimi si mwenzenu". Wanaliona hilo. Mteja wako ataliona kabla hujaketi. Kwa Burundi, ningekuwa wewe, ningebandua kiraka tangu Kibirizi nikiweke kwenye mfuko wa ndani, nikashuka na "amahoro" na tabasamu. Lugha ambayo huku inakuletea maswali, kule itakupunguzia bei. Itumie.

Usije ukaona naibeza bendera. Kuna mahali inafanya kazi kubwa, na kazi yenyewe si ulinzi, ni kutafutana.

Mwaka fulani nilikuwa na kundi la mahujaji, wengi wa Ujiji na Gungu. Mwanamume akishavaa ihramu amebaki na vitambaa viwili vyeupe visivyoshonwa, sawasawa na wanaume wengine wote waliopo, kwa hiyo alama pekee inayobaki ni kijifuko cha begani na utepe wa mkononi. Mina, karibu na Makka, ni mji wa mahema, zaidi ya 100,000, yote meupe, yote yanafanana. Tulikuwa na mzee mmoja asiyejua kusoma, fundi mitumbwi maisha yake yote. Nikamwambia: baba, ukipotea usitafute maandishi, tafuta mshazari. Mstari unaopanda hivi. Nikamchorea kwa kidole kwenye kiganja chake.

Alipotea siku ya pili, jua la saa saba. Tukamtafuta mpaka sauti zikakauka. Alasiri tukamwona anakuja, ameshikwa mkono na vijana wawili ambao si wetu. Mzee alikuwa ameona mshazari kwenye kijifuko cha mtu, akamfuata nyuma mpaka hemani kwao. Hema lilikuwa la Wakongo. Bendera ya Kongo, tangu 2006, ina mstari mwekundu unaopanda kutoka chini kushoto hadi juu kulia kama wetu, ingawa uwanja wake ni bluu na kuna nyota ya njano. Vijana wenyewe walikuwa wa Uvira. Wakamsikia anaongea Kiswahili, wakampa maji, wakamrudisha kwa kuuliza hema hadi hema. Alisoma bendera vibaya, akafika. Tangu siku hiyo nawaambia watu wangu wazitambue za majirani pia, kwa sababu ughaibuni mshazari mwekundu wa Kongo, tai wa Zambia na nyota tatu za Burundi, mara nyingi maana yake ni kwamba hapo kuna mtu utakayeelewana naye.

Hapohapo nikwambie jambo dogo la Saudia, hata kama hukuuliza, maana ndege zetu nyingi hupitia Uarabuni na maduka yamejaa zawadi. Bendera ya Saudia ina shahada, yale maneno ya imani ya Kiislamu. Usiinunue kwenye fulana, taulo wala kofia, usiikalie, usiifutie kitu. Wenyewe hawaishushi nusu mlingoti hata siku ya msiba wa mfalme. Begi lenye maneno hayo litawekwa chini, litakanyagwa, na mwenye imani akikuona hatakuuliza ulikuwa na nia gani.

Kwa ninyi wanne wa Guangzhou bendera itawasaidia hivyohivyo, kutafutana. Kituo cha treni cha kule kinameza watu, na kichwa cha mwenzako hukioni. Kiraka kilekile, mahali palepale kwenye mabegi yote manne, kona ya juu ya mgongo. Anayefuata nyuma anakiona.

Sanduku la kupakia chini ya ndege ni habari nyingine. Watu wanadhani bendera ndiyo italitofautisha sanduku lao. Subiri siku ya kurudi, usimame Dar mbele ya mkanda wa mizigo: kila sanduku la pili lina bendera ya Tanzania, sote tuliwaza sawa. Pale kinachokuokoa ni kitenge. Nakushangaa mtu wa Kigoma unahangaika na alama wakati kitenge cha Kongo kimejaa Mwanga sokoni. Kata kipande, zungushia mpini wa sanduku, kishone kabisa kisibaki mkia. Mikia na riboni zinazoning'inia hunaswa na mitambo ya kupangia mizigo, sanduku likabaki huko wakati wewe uko angani. Ndani ya sanduku, juu kabisa ya nguo, weka karatasi yenye jina na simu yako, na upige picha ya sanduku kabla hujalikabidhi. Likipotea, usitoke uwanjani kabla hujajaza fomu. Mwenye kuandika "sanduku jeusi" amejitakia. Andika "jeusi, kitenge cha njano kwenye mpini, kiraka cha bendera ya Tanzania kona ya juu". Likija limevunjika una siku 7 za kulalamika kwa maandishi, na likicheleweshwa una siku 21 tangu siku uliyokabidhiwa. Watu wetu hulalamika kwa mdomo miezi mitatu, kisha wanashangaa.

Sasa koti.

Nilipolitazama mara ya kwanza nikadhani fundi amezidisha njano upande wa chini wa kiraka. Nikakuza tena. Ile njano si ya bendera yetu. Inachungulia kutoka chini yake, na juu ya njano kuna uzi mwembamba mwekundu. Mwanangu, fundi amefunika bendera ya Ujerumani. Hilo ni koti la mtumba la jeshi lao, yale mazito ya kijani ambayo huwa na kibendera cha mweusi, mwekundu na njano juu ya mkono. Tena alipofunika, akaigeuza yetu kichwa chini. Kwa hiyo umevaa jeshi la watu wengine, na juu yake bendera ya kwenu iliyopinduka, na unataka kuvuka nalo Ziwa Tanganyika.

Fikiria anayekuona kutoka mbali. Askari wetu huvaa bendera ya Taifa begani, hapo hapo ulipoiweka wewe. Ng'ambo ya ziwa watu wanawajua: mwaka 2013 Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi walikuwa kwenye ile brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopigana na waasi wa M23 mashariki mwa Kongo. Kijana mrefu, nywele fupi, koti la kijani cha jeshi, bendera ya Tanzania mkononi, anashuka botini peke yake. Nani atafikiri anauza spea za pikipiki?

Nimeliona likitokea. Miaka ya nyuma, kwenye bandari moja ng'ambo, kijana wa kundi langu alivaa koti ndugu ya hilo lako. Walimkalisha kwenye benchi kwa muda wa saa nne. Hawakumpiga, hawakumwibia, walikuwa wanasubiri mkubwa wao aje aamue huyu ni nani. Tulikosa boti, mzigo wa wenzake wa ndizi ukaiva juani, na mimi ndiye niliyelipa. Nilikuwa nimeliona koti lile Kibirizi asubuhi, nikanyamaza kwa sababu kulikuwa na baridi. Wanaoendelea kusini hadi Mpulungu wajue pia kwamba Zambia raia haruhusiwi kuvaa mabaka ya jeshi. Na hapa nyumbani jeshi limekwishatangaza zaidi ya mara moja kwamba mavazi yake na yanayofanana nayo si ya raia. Mitumba haina samahani.

Usijaribu kuliokoa kwa kufumua. Ukifumua yetu, inabaki ya Ujerumani. Ukifumua na ya Ujerumani, unabaki mstatili uliokoza kuliko kitambaa kingine, na matundu ya sindano pembeni yake, na alama hiyo ndiyo inayomfanya afisa akuulize palikuwa na nini. Kiraka chetu kifumue taratibu, kioshe, kikunje, kiweke mahali safi. Koti lirudishe kwa aliyekuuzia kama atalipokea.

Boti za Kibirizi zikiondoka alfajiri upepo wa ziwa ni mkali mpaka jua lipande, kwa hiyo tafuta sweta. La rangi yoyote isiyo kijani. Begi likishapunguzwa bendera nitumie picha nyingine, na safari hii nipigie kwa karibu, mwanga ukiwa upande wa mbele, nizione hizo njano.